UZI: Namna walowezi wa Plymouth walivyokubaliana kujitawala mwaka 1620, na kilichowalazimisha wakubaliane

Mleta uzi:

Ndugu wanajukwaa, naomba tulijadili kwa utulivu tukio ambalo hutajwa sana katika historia ya Marekani lakini mara nyingi husimuliwa kwa haraka, kana kwamba watu walishuka melini, wakapenda uhuru, wakaandika waraka, na demokrasia ikazaliwa. Tarehe 11 Novemba 1620, kwa kalenda ya zamani ambayo Waingereza walikuwa bado wakiitumia, meli iitwayo Mayflower ilitia nanga katika ghuba ya Provincetown, kwenye ncha ya rasi ya Cape Cod. Siku hiyohiyo wanaume 41 kati ya abiria wapatao 102 walitia saini waraka mfupi wa kuunda serikali yao wenyewe, kabla ya kuanza kujenga hata kibanda kimoja.

Naiweka hoja yangu mezani mapema ili anayetaka kuipinga aipinge. Kwa maoni yangu, waraka ule uliandikwa na watu waliokuwa hawaaminiani, na ndani yake kuna ahadi ya kutii kabla ya kuwapo kwa dai lolote la uhuru. Nguvu yake ilitokana na hofu ya kusambaratika ufukweni, na thamani yake halisi inaonekana katika miaka iliyofuata, pale waliotia saini walipoanza kuhukumiwa na mamlaka waliyoyaunda kwa mikono yao.

Tuanze na pengo la kisheria, kwa sababu hapo ndipo kisa chote kilipo. Walowezi hawa walisafiri wakiwa na hati iliyotolewa na Kampuni ya Virginia ya London, iliyowaruhusu kuanzisha makazi katika sehemu za kaskazini za eneo lililoitwa Virginia, na nia yao ilikuwa kufika karibu na mdomo wa mto Hudson. Mipaka ya kampuni hiyo iliishia nyuzi 41 kaskazini, ilhali Cape Cod iko karibu na nyuzi 42. Walipoiona nchi kavu tarehe 9 Novemba walijaribu kugeuza meli kuelekea kusini, lakini wakaingia kwenye maji yenye mafungu ya mchanga na mawimbi makali, na nahodha Christopher Jones akarudi kaskazini. Majira ya baridi yalikuwa yamekaribia, chakula kilikuwa kinapungua, na watu walikuwa wamekaa baharini zaidi ya miezi miwili. Hivyo walilazimika kukaa mahali ambapo hati yao haikuwa na nguvu yoyote.

Jambo hilo lilieleweka haraka na kila mtu aliyekuwa melini. Kumbukeni kwamba abiria hawa hawakuwa kundi moja. Karibu nusu yao, au pungufu kidogo, walikuwa waumini waliojitenga na Kanisa la Uingereza, wakahamia Leiden nchini Uholanzi na kuishi huko kwa zaidi ya miaka 10. Waliobaki walikuwa watu walioandikishwa au kukubaliwa na wafanyabiashara wa London waliogharimia safari: mafundi, watumishi, na familia zilizotafuta maisha, ambazo hazikuwa na deni lolote la kiimani kwa viongozi wa Leiden. William Bradford, ambaye baadaye alikuwa gavana kwa miaka mingi na ambaye maandishi yake ndiyo chanzo chetu kikuu, anaeleza kwamba baadhi ya hao wengine walianza kutoa maneno ya uasi. Walisema kwamba watakaposhuka watatumia uhuru wao wenyewe, kwa kuwa hakuna mwenye mamlaka ya kuwaamuru, na hati iliyopo ni ya Virginia na si ya nchi hii.

Hebu tuseme ukweli: kisheria, walikuwa na hoja. Hati ikikosa nguvu, gavana anayeitegemea anapata wapi mamlaka? Na miongoni mwa abiria alikuwamo Stephen Hopkins, ambaye wanahistoria wengi wanaamini ndiye yuleyule aliyekuwa ndani ya meli ya Sea Venture iliyovunjika Bermuda mwaka 1609. Huko Bermuda, Hopkins alidai kwamba meli ilipovunjika mamlaka ya gavana yalikoma, na kwamba kila mtu alikuwa huru kujiamulia. Alihukumiwa kifo kwa kosa la uasi, na akaponea kwa msamaha wa gavana Thomas Gates baada ya kulia na kuombewa na wenzake. Ikiwa ni mtu huyohuyo, basi miaka 10 baadaye alijikuta katika hali inayofanana mno na ile, safari hii akiwa na mke, watoto na watumishi wawili, na jina lake limo katika orodha ya waliotia saini. Sidai kwamba yeye ndiye aliyetoa maneno yale ya uasi, kwa kuwa Bradford hamtaji mtu. Ninachosema ni kwamba hoja ya mamlaka kufa pamoja na hati haikuwa ya kinadharia kwa watu hawa.

Waraka wenyewe ni mfupi mno. Unaanza kwa jina la Mungu, na watia saini wanajitambulisha kuwa raia watiifu wa mfalme James. Wanaeleza kwamba wamesafiri kwa ajili ya utukufu wa Mungu, kuendeleza imani ya Kikristo, na heshima ya mfalme na nchi yao, ili kuanzisha koloni la kwanza katika sehemu za kaskazini za Virginia. Kisha, mbele ya Mungu na mbele ya wao kwa wao, wanaagana na kujiunga kuwa jumuiya moja ya kiraia yenye mamlaka ya kisiasa, kwa ajili ya utaratibu bora na usalama wao. Kwa nguvu ya maagano hayo watatunga sheria za haki na zilizo sawa, na kuteua viongozi, kadiri itakavyoonekana kufaa kwa manufaa ya koloni zima. Sentensi inamalizika kwa kusema kwamba kwa hayo yote wanaahidi kujisalimisha na kutii ipasavyo.

Tazameni kile ambacho hakimo. Hakuna orodha ya haki za mtu, hakuna maelezo ya uchaguzi utakavyofanyika, hakuna ukomo wa madaraka ya gavana, na hakuna hata neno moja la kujitenga na mfalme. Mtu anaahidi kutii sheria ambazo bado hazijatungwa, zitakazotungwa na kundi ambalo yeye mwenyewe ni sehemu yake.

Wazo hilo walilitoa wapi? Jibu la kwanza ni kanisa lao. Makutaniko ya Wakristo waliojitenga yaliundwa kwa agano: waumini walikusanyika, wakaahidiana mbele ya Mungu, na kwa ahadi hiyo wakawa kanisa, bila askofu wala amri ya mfalme. Mchungaji wao, John Robinson, aliyebaki Leiden, aliwaandikia barua ya kuwaaga iliyosomwa mbele ya wasafiri kule Southampton kabla hawajaondoka. Humo aliwaambia kwamba wanakwenda kuwa jumuiya ya kisiasa inayoendesha serikali ya kiraia miongoni mwao. Akawaonya kwamba, kwa kuwa hawana watu wa ukoo mkubwa wa kuwatawala, wawachague wale wanaopenda kwa dhati manufaa ya wote, kisha wawape heshima na utii unaostahili. Ukiiweka barua ile kando ya waraka wa Novemba utaona undugu wake. Tofauti iliyopo ni kwamba agano la kanisa liliwafunga wenye imani moja, na lile la melini liliwafunga na wasioiamini imani hiyo. Hatua hii, mimi naiona kuwa kubwa kuliko zote katika kisa hiki.

Nakaribisha michango.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, nakushukuru kwa uzi wenye mpangilio. Hata hivyo, naona umewapa sifa ambayo pengine hawaistahili. Wanaume 41 kati ya watu 102 ni sehemu ndogo, na watumishi waliokuwamo wangewezaje kukataa kutia saini mbele ya mabwana zao? Zaidi ya hapo, wafanyabiashara wa London ndio waliokuwa wamewashika kwa fedha. Je, si kweli kwamba viongozi wa Leiden walikuwa wanatafuta tu njia ya kuwadhibiti wengine kwa jina la makubaliano?

Mleta uzi:

Ndugu yangu, swali lako ni la haki na linahitaji kujibiwa kwa vipande.

Kuhusu idadi, lazima tuzingatie kwamba sehemu kubwa ya wale 102 walikuwa watoto na wanawake. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyetia saini, na kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule mke alihesabiwa chini ya mumewe, kwa hiyo hawakuulizwa. Hilo ni pungufu la msingi na sitalipamba. Kwa upande wa wanaume watu wazima, waliotia saini walikuwa wengi wao, na miongoni mwao wapo watumishi: John Howland, George Soule, na wale wawili wa Hopkins, Edward Doty na Edward Leister. Inawezekana kabisa kwamba waliambiwa watie saini wakatii. Lakini ukiwa unataka kumdhibiti mtumishi, mkataba wake wa utumishi unatosha. Huna haja ya saini yake katika waraka wa kuunda serikali. Nadhani walihitajika kwa sababu wao ndio waliokuwa na nguvu za mikono na wangeweza kuondoka.

Sasa tuangalie kilichotokea baada ya kushuka, kwa kuwa hapo ndipo waraka ulipopimwa. John Carver alithibitishwa kuwa gavana kwa mwaka ule. Majira hayo ya baridi karibu nusu ya abiria walikufa kwa maradhi na baridi. Mwezi Machi 1621 John Billington, mmoja wa watia saini na mtu asiyetoka Leiden, alikataa amri ya kapteni Myles Standish na kumtolea maneno ya dharau. Aliitwa mbele ya jamii nzima na kuhukumiwa kufungwa shingo na visigino pamoja, lakini akanyenyekea na kuomba radhi, wakamsamehe kwa kuwa lilikuwa kosa la kwanza. Mwezi Juni, Doty na Leister walipigana kwa upanga na jambia, kila mmoja akajeruhiwa, na wakahukumiwa kufungwa kichwa na miguu pamoja kwa saa 24. Hawakumaliza hata saa moja. Maumivu yalikuwa makali mno, bwana wao akawaombea, na gavana akawafungulia.

Visa hivi vinaonekana vidogo, ila vinaeleza jambo zito. Hapakuwa na jela, askari wala jaji wa mfalme, na ahadi yao wenyewe ndiyo iliyokuwa msingi pekee wa hukumu. Hukumu zilitolewa mbele ya wote, na adhabu zilipunguzwa kwa sababu jamii ya watu wapatao 50 haiwezi kumudu kuwavunja watu wake. Miaka 9 baadaye Billington huyohuyo alimuua mlowezi aliyeitwa John Newcomen, akahukumiwa na kunyongwa mwaka 1630. Kabla ya kumnyonga, viongozi wa Plymouth waliomba ushauri wa John Winthrop na wakubwa wenzake wa koloni jipya la Massachusetts. Kwa nini waulize? Wale wa Massachusetts walikuwa na hati ya mfalme, na Plymouth haikuwa nayo. Miaka 10 baada ya waraka, swali la nani aliwapa mamlaka lilikuwa bado halijafungwa mioyoni mwao.

Kuhusu uchaguzi: Carver alifariki mwezi Aprili 1621, na Bradford akachaguliwa, akiwa na msaidizi mmoja, Isaac Allerton. Uchaguzi ukawa wa kila mwaka. Mwaka 1624 Bradford aliwasihi wabadilishe viongozi, akisema kwamba kama uongozi ni heshima au faida basi wengine nao waionje, na kama ni mzigo basi wengine wausaidie. Walimchagua tena, ila wakaongeza wasaidizi wakawa 5, na gavana akapewa kura mbili. Baadaye wakawa 7. Kazi hii haikuwa na mshahara mnono, na mapema miaka ya 1630 ilibidi watunge sheria kwamba anayechaguliwa kuwa gavana akakataa atatozwa faini ya pauni 20, isipokuwa kama alikuwa ameshika nafasi hiyo mwaka uliotangulia. Naomba mlitafakari hilo mnapodhani kwamba kila mwenye cheo pale alikuwa akikitafuta.

Na kumbukumbu ya kwanza ya sheria iliyobaki, ya tarehe 17 Desemba 1623, inasema kwamba makosa ya jinai pamoja na madai na madeni baina ya mtu na mtu yataamuliwa na baraza la watu 12 waaminifu, kwa kiapo. Sheria hii ingeweza kabisa kumlinda mnyonge dhidi ya uamuzi wa gavana peke yake, na kwa sababu hiyo siwezi kukubali kwamba jambo zima lilikuwa mbinu ya udhibiti.

Penye fedha nakubaliana nawe zaidi. Walowezi walikuwa wamefungwa katika ubia wa miaka 7 na wafanyabiashara wa London, ambapo mali yote iliyopatikana ingewekwa pamoja na kugawanywa mwishoni. Thomas Weston, aliyekuwa msemaji wa wafanyabiashara hao, aliwaandikia kwa ukali kwamba Mayflower ilirudi bila mzigo wa kuuza, na kwamba wana udhaifu wa akili kuliko wa mikono. Barua hiyo iliandikwa ikielekezwa kwa Carver, naye alikuwa ameshakufa. Waliweza kujichagulia gavana, ila hawakuweza kuamua waishije kiuchumi. Mwaka 1623 walianza kugawa kila familia kipande chake cha kulima mahindi, na mavuno yakawa bora. Mwaka 1627 wakakubaliana kununua hisa za wafanyabiashara kwa pauni 1,800, deni lililobebwa na Bradford na wenzake wachache na likawachukua miaka mingi kulilipa. Kujitawala kwa maana kamili, nadhani, kulianza kukaribia hapo.

Mchangiaji wa pili:

Kaka, mjadala ni mzuri, lakini mpaka sasa mnazungumza kana kwamba nchi ile ilikuwa tupu. Watu walikaa melini wakakubaliana namna ya kujitawala katika ardhi ya watu wengine, ambao walikuwa na watawala na utaratibu wao. Ahadi ya sheria za haki na zilizo sawa iliwahusu wenyeji au haikuwahusu?

Mleta uzi:

Dada, haikuwahusu, na ushahidi wake unapatikana ndani ya wiki ileile. Siku chache tu baada ya kutia saini, kundi lililoongozwa na Standish lilikwenda kukagua nchi kavu, likakuta ghala za mahindi zilizofukiwa ardhini na wenyeji, likachukua mahindi hayo kwa ajili ya mbegu. Walowezi walisema watalipa wakimpata mwenyewe, na mwaka 1621 walifanya hivyo kwa Wanauset, wenyeji wa Cape Cod. Hata hivyo, aliyechukuliwa akiba yake kabla ya majira ya baridi hakuwa na mahakama ya kuikimbilia.

Mahali walipohamia kutoka Cape Cod na kujenga, Plymouth, palikuwa kijiji cha Patuxet. Maradhi yaliyoletwa na Wazungu kati ya mwaka 1616 na 1619 yalikuwa yameua watu wengi mno katika pwani ile, na Patuxet ilibaki na mashamba yaliyolimwa bila wakulima. Tisquantum, aliyetoka kijiji hicho, alikuwa ametekwa mwaka 1614 na kupelekwa Hispania, akapitia Uingereza, na aliporudi mwaka 1619 akakuta watu wake hawapo. Yeye ndiye aliyewafundisha walowezi kupanda mahindi na kuwatafsiria.

Mwezi Machi 1621 Carver alifanya mkataba na Ousamequin, mkuu wa Wawampanoag, anayefahamika zaidi kwa cheo chake cha Massasoit. Walikubaliana kwamba watu wake wasiwadhuru walowezi, na akitokea mkosaji apelekwe kwao aadhibiwe. Zana zilizochukuliwa zirudishwe. Kila upande usaidie mwingine ukishambuliwa isivyo haki. Na wenyeji wakija kijijini waache pinde na mishale. Lile la mkosaji linaonyesha mizani ilivyoelemea upande mmoja, kwani halikusema kwa uwazi uleule kwamba mlowezi mkosaji apelekwe kwa Wawampanoag. Ousamequin naye alikuwa na hesabu zake, kwa sababu watu wake walikuwa wamepungua na majirani zake Wanarragansett hawakuwa wameguswa na maradhi yale kwa kiwango hicho.

Amani hiyo ilidumu zaidi ya miaka 50. Ilivunjika mwaka 1675 chini ya mwanawe, Metacom, baada ya Plymouth kuwahukumu na kuwanyonga Wawampanoag watatu kwa mauaji ya John Sassamon, mwenyeji Mkristo. Vita vilivyofuata viliteketeza miji mingi ya walowezi na kuvunja uwezo wa Wawampanoag, na mateka wengi waliuzwa utumwani ng'ambo ya bahari, wakiwamo mke na mtoto wa Metacom kwa mujibu wa kumbukumbu nyingi. Uamuzi kuhusu mateka ulifanywa na serikali iliyochaguliwa kwa kura. Kwa hiyo, dada, ninakubali kabisa kwamba serikali inayotokana na ridhaa ya walio ndani inaweza kuwa ya kutisha kwa walio nje.

Mchangiaji wa tatu:

Wakuu, naomba kuongeza jambo moja la mpangilio wa miaka. Walowezi wa Virginia walitangulia. Tarehe 30 Julai 1619, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya Mayflower, wajumbe 22 kutoka makazi 11 walikutana na gavana George Yeardley na baraza lake ndani ya kanisa la Jamestown, wakatunga sheria kwa siku kadhaa katika joto kali. Kwa nini basi sifa zote ziende Plymouth? Na tusisahau kwamba mwishoni mwa mwezi Agosti mwaka huohuo, meli ilileta Point Comfort Waafrika zaidi ya 20 waliotekwa kutoka Angola, wakabadilishwa kwa chakula.

Mleta uzi:

Nashukuru sana kwa nyongeza hii, na sehemu yake ya mwisho inalipa nguvu lile tulilojadili hapo juu.

Virginia ilitangulia, bila ubishi. Tofauti ninayoiona ni chanzo cha mamlaka. Bunge la Jamestown liliitishwa kwa maelekezo ya Kampuni ya Virginia, iliyotaka kuvutia wahamiaji baada ya miaka ya utawala wa amri za kijeshi. Gavana aliteuliwa kutoka London, na kampuni ilikuwa na uwezo wa kuzikataa sheria zilizopitishwa. Hati ya kampuni hiyo ilifutwa mwaka 1624. Plymouth hapakuwa na aliyewapa, kwa sababu hapakuwa na wa kuwapa. Ndiyo maana njia ya Plymouth, ya watu kukaa na kuagana wao kwa wao, ndiyo iliyoigwa au kubuniwa upya kila mara walowezi wa New England, yaani makoloni ya Waingereza ya kaskazini kama Plymouth na Massachusetts, walipojikuta nje ya mipaka ya hati yoyote.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Providence. Roger Williams alifukuzwa Massachusetts mwaka 1635 kwa mafundisho yake, yakiwamo kwamba mfalme hakuwa na haki ya kugawa ardhi ya wenyeji bila kuinunua kwao. Mwaka 1636 alianzisha Providence katika ardhi aliyoipata kwa wakuu wa Wanarragansett, Canonicus na Miantonomi. Muda mfupi baadaye wakaazi 13 walitia saini agano kwamba watatii maagizo yatakayowekwa kwa manufaa ya wote, kwa ridhaa ya walio wengi miongoni mwa wakuu wa familia, lakini katika mambo ya kiraia pekee. Sharti hilo la mwisho halikuwapo katika waraka wa Mayflower. Kwa mara ya kwanza katika maagano haya, watu wanasema mapema ni eneo lipi ambalo serikali yao wenyewe haitaligusa.

Ukigeuka upande wa New Haven, mwaka 1639, unakuta walowezi walioagana vilevile kwa hiari, kisha wakaamua kwamba wenye kura ni washirika wa kanisa tu. Ridhaa ilitumika kufungua mlango Providence na kuufunga New Haven.

Hapo katikati kuna Connecticut. Miji mitatu ya Hartford, Windsor na Wethersfield ilikuwa nje ya mipaka ya Massachusetts, na Januari 1639 ikapitisha kanuni za msingi za kuendesha serikali ya pamoja. Zilieleza kwa kina mambo ambayo Plymouth ilikuwa imeyaacha hewani: gavana achaguliwe kila mwaka na asishike nafasi hiyo miaka miwili mfululizo, kila mji upeleke wajumbe 4, na gavana akikataa kuitisha Baraza Kuu, yaani bunge la koloni, watu huru, yaani wakaazi waliokubaliwa kuwa na haki ya kupiga kura, waweze kuliitisha wenyewe. Mfalme hatajwi humo hata mara moja. Mwaka uliotangulia, mchungaji Thomas Hooker alikuwa amehubiri Hartford kwamba msingi wa mamlaka umewekwa kwanza katika ridhaa huru ya watu.

Na hata Massachusetts, iliyokuwa na hati ya mfalme, ilibidi ibanwe na watu wake. Mwaka 1632 wakaazi wa Watertown walikataa kulipa kodi ya ujenzi wa ngome kwa hoja kwamba haikupitishwa na wawakilishi wao. Mwaka 1634 wajumbe wa miji walidai waonyeshwe hati yenyewe, wakaisoma, na wakagundua kwamba uwezo wa kutunga sheria ulikuwa wa watu huru wote, ilhali Winthrop na wasaidizi wake walikuwa wakiutumia peke yao. Tangu hapo miji ikaanza kupeleka wawakilishi.

Namalizia na upande wa kisheria wa Plymouth, kwa kuwa ndipo nilipoanzia. Pengo la hati lilizibwa kiasi mwezi Novemba 1621, meli ya Fortune ilipoleta hati mpya kutoka Baraza la New England, na nyingine pana zaidi ikatolewa mwaka 1630 kwa jina la Bradford. Hizi zilikuwa hati za baraza. Ya mfalme mwenyewe hawakuipata kamwe, ingawa waliiomba zaidi ya mara moja. Ndiyo maana mwaka 1636, walipokusanya sheria zao kuwa kitabu kimoja, waliona haja ya kutaja agano la mwaka 1620 pamoja na hati walizokuwa nazo kama msingi wa kila kitu, wakatamka kwamba hakuna sheria wala tozo itakayowekwa juu yao isipokuwa kwa ridhaa ya watu huru au wawakilishi wao waliokusanyika kihalali. Kuanzia mwaka 1639, miji iliyokuwa imeenea mbali na Plymouth ilipeleka wawakilishi wa kuchaguliwa katika Baraza Kuu, kwani haikuwezekana tena kila mtu huru kusafiri hadi Plymouth kupiga kura.

Kuanzia mwaka 1686 mfalme James wa Pili aliyaweka makoloni yote ya New England chini ya gavana mmoja wa kuteuliwa, Edmund Andros, na mabaraza ya kuchaguliwa yakafutwa. Wakaazi wa Boston walimkamata Andros mwezi Aprili 1689, baada ya kusikia kwamba mfalme amepinduliwa Uingereza, na Plymouth ikarudisha serikali yake ya zamani chini ya gavana Thomas Hinckley bila kusubiri ruhusa ya mtu. Ilidumu miaka michache tu. Hati mpya ya mwaka 1691 iliiunganisha Plymouth na Massachusetts, chini ya gavana ambaye sasa aliteuliwa na mfalme, na Baraza Kuu la Plymouth halikukutana tena baada ya mwaka 1692.